Kura ya Mabano

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya maboksi mawili ya spika zilizokufa. Maboksi ni ya Fyuzi, kwa hiyo benchi ni la Fyuzi, ingawa yeye halisemi hilo ila akikasirika, na kukasirika kwake hakuhitaji sababu kubwa. Hata hilo jina alipewa kwa tabia hiyo: ukimgusa vibaya anakatika mara moja, na giza linabaki hapo mpaka mtu ajitolee kumtengeneza. Kulia kwa benchi ni kibanda chake cha redio na vipaza sauti. Kushoto ni kinyozi, Wembe, mwenye kiti kimoja na kioo kimoja chenye ufa. Katikati, mbele ya jiko la mkaa, hukaa Birika na kahawa yake; na mkabala na Birika hukaa Katibu, ambaye zamani alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda. Kiwanda kilifungwa, chama kikafa, ukatibu ukabaki. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la ghorofa moja, chini duka la nafaka, juu chumba cha masomo ya jioni ya watu wazima. Na pale kijiweni kuna desturi moja ambayo mgeni huambiwa kabla hajapewa kikombe: neno likibishaniwa mpaka kahawa ikapoa, hupigiwa kura, na likishapigiwa kura limekwisha, halifufuliwi. Kwa kura, kijiwe kilishaamua kwamba mbuzi haoti ndoto, kwamba mwezi uko karibu kuliko jua kwa sababu unatazamika, na kwamba kioo cha Wembe kinanenepesha.

Alasiri hiyo Fyuzi alikuwa hajatengeneza kitu tangu asubuhi. Alikaa mwisho wa benchi, bisibisi mkononi, akiigongagonga gotini.

— Bwana we, umeishika hiyo bisibisi kama sindano ya daktari, Wembe alisema. Nani mgonjwa?

— Hakuna mgonjwa.

— Basi kuna marehemu.

— Yupo! Fyuzi alisema. Heshima yangu. Shemeji yangu kanipiga kosa ubaoni, mbele za watu. Kosa jekundu, kubwa, mikono minne.

Hapo Birika alimmiminia bila kuulizwa. Habari yenyewe walikuwa nayo nusu nusu, maana barabara ni nyembamba na madirisha ya juu hayafungwi, na sauti ya Fyuzi haihitaji kipaza. Nusu ya pili ndiyo hii. Fyuzi na mkewe walikuwa wakisoma pamoja masomo yale ya jioni. Wote wawili waliacha shule kabla ya kumaliza, na mwaka huu walikubaliana wakae kwenye mtihani bega kwa bega. Mkewe ni mshonaji, anataka afundishe ushonaji chuoni, na chuo kinataka cheti. Fyuzi ufundi wake kajifundisha mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na kumbi kubwa zimeanza kudai leseni. Juzi juzi tu alizuiwa mlangoni kwenye ukumbi ambao spika zake alizitundika kwa mikono yake. Leseni inataka cheti, cheti kinataka hesabu. Na hesabu, kwa bahati yake, inafundishwa na mdogo wa mkewe, kijana ambaye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto wakati Fyuzi anamwoa dada yake.

Jana, alipopigwa kosa, Fyuzi aliweka chaki mezani, akasema anayoyasema mtu aliyekatika, akatoka. Mkewe hakutoka. Alibaki amekaa. Hilo ndilo lililokuwa limemuuma Fyuzi kuliko kosa lenyewe. Usiku ule nyumbani walizungumza juu ya chumvi tu.

Na leo jioni majina ya watahiniwa yanathibitishwa. Asiyekuwepo anakatwa mpaka mwakani.

— Sasa unaingia au huingii? Birika aliuliza.

— Naingia nikishinda.

— Ukimshinda nani?

— Nikishinda hoja. Mimi siwezi kupita ule mlango nimeinamisha kichwa na haki ninayo. Nyie ni watu wazima, nisikilizeni, halafu mniambie.

Katibu akajiweka sawa. Mtu akisema maneno kama hayo mbele yake ni kama amemwashia taa.

— Toa maelezo yako, ndugu. Kwa utaratibu.

— Ni logi.

— Logi ni nini? Wembe aliuliza.

— Logi ni hesabu ya sifuri. Kumi ina sifuri ngapi?

— Moja.

— Basi logi ya kumi ni moja. Mia?

— Mbili.

— Logi ya mia ni mbili. Elfu?

— Tatu. Mbona rahisi? Hii ndiyo inayowatoa watu jasho kule juu?

— Namba nyingine nazo zina logi zao, zinaangukia katikati, hizo zina vitabu vyake. Lakini moyo wake ndio huo. Sasa zidisha kumi mara mia.

— Elfu.

— Umeona? Sifuri moja ya huku, sifuri mbili za kule, zimekuwa tatu. Nje walizidishana, lakini sifuri zao zimejumlishana. Kwa hiyo logi ya vitu vilivyozidishwa unaikunjua: inakuwa logi ya huyu jumlisha logi ya yule. Na ukizikuta mbili zimejumlishwa, unazikunja zinarudi kuwa moja, na ndani unaweka kuzidisha. Kukunja na kukunjua. Kama shuka.

— Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, Katibu alisema, akatikisa kichwa kwa huzuni.

— Hiyo inaingiaje?

— Kukunja ni nguvu, kukunjua ni udhaifu. Chama chetu walikikunjua hivyo hivyo, kipande kipande.

— Wakigawanyika je? Birika aliuliza. Maana watu hawazidishani tu.

— Wakigawanyika ndani, ukikunjua wanatoana. Logi ya huyu toa logi ya yule.

— Kama ndugu na shamba, Birika alisema.

— Na kuna yule mdogo anayekaa juu begani, anaitwa kipeo. Logi ya eksi, kipeo cha tatu. Yule unamshusha, unamweka mbele: tatu logi eksi.

— Aliye juu mngoje chini, Wembe alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, methali ya Wembe ilikuwa imeanguka mahali pake barabara, wala mwenyewe hakujua. Alikuwa anatazama kichwa cha mtu anayepita.

— Hayo yote matatu niliyafanya ubaoni, Fyuzi alisema. Vema, vema, vema. Shemeji yangu anacheka, darasa linacheka, mimi mwenyewe nacheka. Likaja la nne.

Akainama, akachora vumbini kwa ncha ya bisibisi: logi, mabano yakafunguka, eksi, alama ya kujumlisha, tatu, mabano yakafungwa.

— Nikaikunjua. Logi eksi jumlisha logi tatu. Tena nikaandika kwa mwandiko mzuri. Kosa!

Wakaitazama ile hesabu ya vumbini. Kuku akapita pembeni yake kwa adabu.

— Ngoja, Birika alisema. Lile swali la kwanza lilikuwaje?

— Logi ya eksi mara tatu.

— Na jibu lake?

— Logi eksi jumlisha logi tatu.

— Na hili la nne ni la eksi jumlisha tatu. Jibu lake?

Fyuzi aliipitisha tena bisibisi juu ya mabano.

— Logi eksi jumlisha logi tatu.

— Maswali mawili, jibu moja?

— Kwani mlango mmoja haupitishi watu wawili? Katibu aliingilia kati. Birika, wewe mimina. Mimi naona hoja ya ndugu yetu ina miguu. Nani anaanza kuchangia?

Wembe akaanza, kwa sababu alikuwa hana mteja.

— Mimi nitazame kwa kazi yangu. Mabano ni nini? Ni kile kitambaa ninachomfunga mteja shingoni. Nikishakifunga, kilichomo ndani ni changu. Siwezi kunyoa upande wa kulia nikamwambia upande wa kushoto nenda hivyo hivyo. Wembe unafika kila mahali. Kwa hiyo logi ikikuta eksi na tatu wamo ndani ya mabano, inampitia eksi, inampitia tatu. Ikimruka mmoja, huo si unyoaji, hiyo ni dharau.

— Sawasawa! Fyuzi alisema. Ndivyo nilivyomwambia!

— Ulimwambia habari za kunyoa?

— Nilimwambia logi haina upendeleo.

— Na sheria je? Katibu alisema. Logi imesimama mlangoni mwa mabano. Mimi naiona kama tangazo lililobandikwa kwenye lango la kiwanda. Tangazo likisema mapumziko, anapumzika fundi na anapumzika mfagiaji. Halisomwi kwa mmoja. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mbele ni kukunjua, nyuma ni kukunja. Imeandikwa.

— Imeandikwa wapi?

— Kwenye msumeno.

Fyuzi alianza kujisikia nafuu. Ni kweli kwamba lile la Birika, la maswali mawili na jibu moja, lilikuwa bado halijajibiwa, lakini kahawa ilikuwa ya moto na watu walikuwa upande wake, na hivyo viwili vikikutana mtu huweza kuishi na swali la aina yoyote.

— Birika, na wewe changia, Katibu alisema.

— Mimi sijui hesabu.

— Ndiyo maana tunakuuliza.

Birika akachochea makaa. Ni mtu wa kusema kidogo, na akishaanza husema kikubwa mno.

— Mimi naona ugomvi wenu wote ni bure. Alama ya kujumlisha ikoje?

— Kijiti kimesimama, kijiti kimelala.

— Na ya kuzidisha?

— Vijiti viwili vimepishana.

— Ni vijiti vile vile! Kujumlisha ukiiegemeza ukutani inakuwa kuzidisha. Ni mtu mmoja, mara kasimama wima, mara kachoka kaegemea. Sasa nyie mtamnyima mtu haki yake kwa sababu kaegemea?

Halafu Wembe akapiga kofi pajani.

— Ala! Na lile kosa je? Lile kosa jekundu si vijiti viwili vimepishana?

— Ndivyo, Fyuzi alisema taratibu.

— Basi hakukukosoa! Alikuandikia kuzidisha! Kijana kaona aibu kukuambia kwa mdomo, shemeji mkubwa kama wewe, akakuwekea alama tu: hapa, baba, zidisha. Na wewe ukamtukana.

— Mimi sikumtukana. Nilimwambia chaki ni nyepesi kuliko bisibisi.

— Hilo ni tusi la kiufundi.

Wakabishana kama ni tusi au si tusi, mpaka Birika akashika kikombe cha Katibu na kusema kimepoa. Kahawa kupoa pale kijiweni ni kama kengele. Katibu akasimama, akavuta shati chini.

— Hoja iliyoko mezani inasema: logi ikikuta watu wamejumlishwa ndani ya mabano, ina haki ya kuwakunjua, kila mtu na logi yake. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Akanyoosha Wembe. Akanyoosha Katibu mwenyewe. Akanyoosha Fyuzi, bisibisi juu.

— Birika?

— Mimi nimeshika birika. Siwezi kunyoosha.

Katibu akautazama mkono ule, ambao ulikuwa umeinuliwa ukimimina.

— Mkono ulioshika birika umeinuka. Hoja imepita kwa kauli moja. Wengi wape. Ndugu Fyuzi, unaweza kwenda ukamwarifu mwalimu kwamba suala lake limeamuliwa.

Na huenda Fyuzi angekwenda kweli, akapanda zile ngazi na kura yake mkononi, na mambo yakaharibika kwa namna ambayo hayatengenezeki. Lakini alipoinua macho alimwona mkewe anavuka barabara. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni, nyuzi nyeupe begani. Yule mama hakuwa mtu wa kijiweni. Akimtaka mumewe humwita kutoka ng'ambo, kwa jina la kazi, Fundi, kama watu wengine.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, dada, karibu, karibu! Wembe alisogea mpaka akawa nusu hewani.

Akaketi. Birika, kwa mshangao, akampa kikombe kilichokuwa hakijatumika.

— Dada, umekuja wakati mzuri, Katibu alisema. Kijiwe kimepiga kura sasa hivi. Suala la mumeo na mdogo wako limekwisha. Ameshinda.

— Ameshinda?

— Kwa kauli moja.

Mama yule akanywa kahawa yake kidogo, akaitazama ile hesabu ya vumbini. Hakucheka. Fyuzi alimtazama kwa pembe ya jicho, akitafuta kama kuna kicheko kimejificha mahali, maana angekiona angekatika palepale. Hakukiona.

— Na mimi nikiuliza, nitajibiwa? alisema.

— Uliza, dada. Hapa swali halinyimwi kiti.

— Ni dogo tu. Logi ya kumi ni ngapi?

— Moja! Wembe alisema kwa haraka, kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

— Na ya mia?

— Mbili!

— Sasa kwa hiyo sheria mliyoipitisha. Mabano, kumi jumlisha mia. Mkikunjua mnapata nini?

— Logi kumi jumlisha logi mia, Katibu alisema. Moja na mbili. Tatu. Mbona inakubali vizuri kabisa.

— Inakubali. Na tatu ni logi ya ngapi?

— Ya elfu, Wembe alisema, na sauti yake ikaanza kupungua kabla hajamaliza neno.

— Basi swali langu ndilo hilo. Kumi na mia ni elfu?

Birika aliweka chini birika lake. Wembe alihesabu kitu kwa vidole, akafika mahali, akarudi, akahesabu tena. Katibu alifungua mdomo.

— Turudie kura, Wembe alimnong'oneza.

— Haifufuliwi.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo hapa kijiweni, Katibu alisema kwa shida, kumi na mia ni elfu.

— Mpaka lini?

— Mpaka kiama.

Fyuzi alikuwa amesimama. Joto lilikuwa limempanda kutoka miguuni, na safari hii hakulizuia.

— Mmekaa mkapanga! Wewe na mdogo wako! Jana mmekaa kule juu, mkanichambua kama mchele, leo unakuja kunitembeza uchi mbele ya wenzangu. Mimi nimetoka mle ndani, mke wangu kakaa! Kakaa, kama hanijui!

Mtu anayepita na mkokoteni akapunguza mwendo asikie vizuri. Yule mama hakupandisha sauti. Aliinamisha kikombe, akamwaga tone la mwisho pembeni, mbali na ile hesabu.

— Fundi, na mimi niliandika hivyo hivyo.

— Hivyo hivyo vipi?

— Logi eksi jumlisha logi tatu. Ilikuwa mbele yangu pale mezani. Alipokuita wewe ubaoni niliona wivu, nilitaka aniite mimi, maana nilikuwa na hakika. Lile kosa lilinipata na mimi, ila langu halikuwa na mashahidi.

Fyuzi alibaki amesimama, lakini alikuwa hajui tena amesimamia nini.

— Mbona hukuniambia?

— Uliniuliza? Ulipoingia nyumbani uliuliza chumvi.

— Sasa kama na wewe ulikosea, mbona hukutoka na mimi?

— Ningetoka, nani angebaki kumuuliza?

Aliyasema hayo polepole, kama anavyompimia mtu bega, bila kuvuta.

— Nilimuuliza kwa nini. Akasema hajui namna ya kulieleza vizuri, ndivyo alivyofundishwa. Tukatafuta wote. Tukaweka mbili na mbili, hatukuona kitu, jibu likakubali. Tukasema labda wewe ndiye mwenye haki. Ndiyo, usinitazame hivyo, mdogo wangu alitaka kukimbia barabarani akuombe radhi. Halafu nikamwambia weka zile zenye sifuri, zile anazozipenda Fundi. Ndipo tukaona.

— Mliniweka kando mkatumia sifuri zangu.

— Wewe ndiye uliyejiweka kando. Sifuri ulituachia.

Kwenye kibanda cha Fyuzi, juu ya meza ya kazi, kila mteja anajua ataambiwa nini: hii imekufa, sipokei, hii itapona, hii nimeiunguza mimi, si umeme, nitakununulia nyingine. Watu huleta redio zao kutoka mitaa ya mbali kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Fyuzi hajawahi kuona ugumu wa kulisema kwa mtu wa nje. Kumbe kulisema ndani ya familia, kwa kijana uliyemwona hana meno, ni kazi nyingine na inataka vifaa vingine. Aliitazama ile hesabu ya vumbini mpaka eksi ikaanza kuonekana kama mtu aliyenyoosha mikono.

— Mbona namba ndogo zilikubali? aliuliza. Mbili na mbili.

— Mbili na mbili ni nne, mbili mara mbili ni nne. Zilikubali kwa bahati.

— Bahati mbaya kabisa, Fyuzi alisema. Ingekataa mapema ingekuwa nafuu.

— Mbili na tatu nimekataliwa, Wembe alitangaza, bado yuko kwenye vidole. Tano si sita!

— Kaa kimya, Wembe.

Juu, ng'ambo, mtu alisogeza viti. Mwashi mmoja mwenye saruji kwenye viatu alikuwa anapanda ngazi, na nyuma yake mpishi wa hospitali na mwenzake. Yule mama akasimama, akajipangusa nyuzi.

— Anasoma majina sasa hivi, alisema. Mimi napanda. Sikuvuti, Fundi. Nimekuja kuuliza swali tu.

Akavuka. Hakugeuka nyuma, na Fyuzi, ambaye angalau angependa ageuke mara moja ili apate cha kukasirikia, alikosa hata hicho. Akampa Wembe bisibisi.

— Nishikie.

— Nikae nayo mpaka lini?

Fyuzi alikuwa ameshafika katikati ya barabara.

Ndani ya chumba mwalimu alikuwa amefika katikati ya majina. Alipomwona shemeji yake mlangoni, mkono wenye chaki ulishuka, na mdomo ukatangulia akili:

— Shikamoo, shemeji.

— Marahaba.

Darasa likaguna kidogo. Kijana wa watu aliona haya, akarudi kwenye majina, akasoma la dada yake, akasoma la Fyuzi, na wote wawili wakaitika, mmoja baada ya mwingine, kwenye dawati moja. Kisha akageukia ubao. Akaandika logi, akafungua mabano, eksi, kujumlisha, tatu, akafunga mabano. Chaki ilikatika kwenye tatu. Akaimalizia kwa kipande.

— Nani atatukunjulia hii?

Alitazama dirisha. Alitazama mwashi. Alitazama kila kitu kilichomo chumbani isipokuwa dawati moja. Fyuzi aliona joto linaanza tena miguuni: kijana huyu ananichokoza mbele za watu? Akaangalia vizuri. Kijana alikuwa anajifuta vidole kwenye suruali kwa mara ya tatu. Haukuwa uchokozi ule. Alikuwa anafundisha somo ambalo nusu ya darasa walilikosea, na alikuwa anaogopa.

Fyuzi akasimama.

— Haikunjuki.

— Samahani?

— Haikunjuki, mwalimu. Wangekuwa wamezidishana ningewatenganisha. Wamejumlishana, logi haina la kuwafanya. Unaiacha ilivyo.

— Na jana?

Mkewe alitazama meza.

— Jana niliikunjua kwa nguvu, Fyuzi alisema. Nilikosea mimi. Na kelele nilizopiga zilikuwa zangu vilevile, si zako.

Mtu mmoja nyuma akataka kucheka, akaghairi. Mwalimu akachukua chaki nyekundu, akageukia ubao, akasita. Alitafuta mahali pa kuweka alama, lakini pale ubaoni hapakuwa na jibu lililoandikwa. Palikuwa na swali tu, na jibu lake ndilo lilikuwa hilohilo swali. Akalipigia vema.